Sura ya Saba: Maneno Yaliyotokea Kiooni

Kaseti iligoma tena.

Inspekta Akida aliinuka polepole akiushika mgongo wake, akavua tai na kuisokomeza mfukoni, maana joto la chumba kile lilikuwa limemshinda. Mbele yake kioo cha televisheni kiliandika neno moja la Kiingereza la kumwambia kwamba kuna kosa. Kosa gani, liko wapi, kalifanya nani, mashine haikujali kusema. Alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, walanguzi wa dhahabu wa Geita na makarani waliouza pamba ya ushirika kwa mlango wa nyuma. Wote hao, hata wale wabishi kabisa, ukikaa nao sana mwisho wake wanajibu kitu.

"Irudishe mwanzo," alisema.

Mwalimu Masele, aliyefundisha ufundi umeme pale shuleni, alibonyeza kitufe cha redio kaseti. Mkanda ukazunguka kurudi. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

"Afande, mkanda umeingia vumbi. Kuna siku unakubali, kuna siku unakataa. Mwalimu Euphrasia ndiye anayeujulia."

"Mwalimu Euphrasia yuko mahabusu. Irudishe."

Masele akatii. Redio kaseti ikaanza kupiga ule mlio wake mwembamba wa kukera, ambao ndio, kwa maelezo ya Masele, ulikuwa programu yenyewe ikiingia kwenye kompyuta. Akida aliusikiliza huku amekunja uso. Nje jenereta ilikohoa, na yeye akashika ukingo wa meza. Dizeli ilikuwa ya kuazima misheni. Jenereta ikizimika, kila kitu kinaanza upya.

Kesi hii alikuwa ameichukia tangu alipokabidhiwa faili mjini Shinyanga. Ulikuwa mwaka 1986, mwaka wa nyota yenye mkia, na Shule ya Ufundi Ibambasi, nje kidogo ya Ushirombo, ilikuwa imefungua chumba cha sayansi kwa sherehe. Padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya alikuwa amewaachia kompyuta ndogo, na ndani ya kaseti moja programu ya safari ya anga: unaendesha chombo kwa vitufe, unakwepa mawe, unaifuata nyota yenye mkia hadi unaifikia. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Euphrasia Bujiku, mwalimu wa hisabati, aliyabadili yote yakawa ya Kiswahili ili wazazi na wanafunzi wafuate. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi, Ndugu Mihayo, katibu wa Chama, alikaribishwa akiendeshe chombo yeye mwenyewe. Safari ilipokwisha, mbele ya wazazi, walimu na mabalozi wa nyumba kumi kumi, kioo kikaandika kwa herufi kubwa kwamba Chama chetu kimepotea njia.

Mwalimu mkuu alirukia waya wa umeme akauchomoa. Jua halijazama Euphrasia alikuwa nyuma ya nondo, na neno lililoandikwa juu ya faili lake lilikuwa uchochezi. Sasa Shinyanga walikuwa wanamtaka yeye na mashine yake, na gari la kuwachukua lilikuwa njiani. Akida alijua kwamba mtu akishafika kule na neno lile juu ya faili, kumrudisha si kazi ya inspekta tena.

Mlio ukakatika. Nyota nyeupe zikajaa kiooni.

"Imekubali," Masele alisema, akashusha pumzi.

"Endesha."

Masele aliendesha kama mtu aliyezoea. Chombo, kialama kidogo kama kichwa cha mshale, kilipenya katikati ya mawe, kikageuka, kikaiendea ile nyota. Chini ya kioo yakatokea maneno: TUMEFIKA. Baada ya kitambo, mahali pale pale, yakaanza kuandikwa mengine, herufi moja moja: CHAMA CHETU. Kisha mstari wa chini yake: CHASHIKA HATAMU.

Akida aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Hapakuwa na herufi hata moja ya kumfunga mtu.

"Tena."

Masele akaenda tena, akafika tena. Akaenda mara nyingine, akafika. TUMEFIKA, CHAMA CHETU, CHASHIKA HATAMU. Akida alitamani kuipiga televisheni kofi.

"Umeuchezea mkanda huu?" aliuliza ghafla. "Umeyafuta yale maneno?"

"Mimi? Hapana, afande."

"Chumba hiki kina funguo mbili. Moja ya Euphrasia. Nyingine ya nani?"

Masele alitazama mikono yake. "Yangu."

*

Mwalimu mkuu Mageni alimkaribisha Akida ofisini kwa chai ya maziwa. Alikuwa mtu wa maneno yaliyopangwa, mwalimu wa Kiswahili tangu enzi za mkoloni, na hofu yake aliificha chini ya adabu nyingi.

"Uliona nini hasa?" Akida alimuuliza.

"Niliona uchochezi, Ndugu Inspekta. Herufi kubwa, nyeupe, mbele ya watu. Na hata tahajia yenyewe mbovu. Neno 'chetu' limewekwa U mbili. Chetuu. Mtu unamtukana mkubwa na kuandika hujui?"

Akida hakuiandika hiyo. Maelezo yaliyotoka kituo cha Ushirombo nayo yalikuwa na makosa ya namna hiyo tele, na alipoyanakili kwenye faili alikuwa ameyasahihisha yote. Makosa ya tahajia hayampeleki mtu jela.

"Kabla ya maneno hayo, kulikuwa na nini?"

"Mgeni rasmi aliendesha chombo vizuri sana."

"Alifika?"

"Vizuri sana," Mageni alirudia, akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. Kisha akashusha sauti. "Lakini kuna jambo ambalo sikulisema kituoni. Masele alicheka."

"Watu hucheka wakiona mkubwa kaaibishwa."

"Alicheka kabla. Yeye alicheka kwanza, maneno yakafuata. Mtu anachekaje kitu ambacho hakijatokea?"

Akida aliiweka kalamu chini. Hilo lilikuwa swali la maana la kwanza kulisikia tangu afike Ibambasi.

"Masele na Euphrasia wanapatana?"

"Masele ndiye aliyetegemea kukabidhiwa chumba cha sayansi. Bodi ikampa Euphrasia." Mageni aliinua mabega. "Mimi simtaji mtu. Nasema nilichosikia."

*

Euphrasia alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, miguu imekunjwa, khanga imefungwa kiunoni juu ya gauni lile lile la sherehe. Alipomwona Akida alisimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya televisheni. Waya wake ulikuwa umelegea, picha inakatika. Niliushika kwa mkono mwanzo hadi mwisho, mpaka mwalimu mkuu alipokuja kuuchomoa. Sikuona kitu. Hilo nimeshalisema."

"Liseme tena. Uliandika nini mwishoni?"

"Chama chetu, mstari mmoja. Chashika hatamu, mstari wa pili. Lilikuwa wazo la mwalimu mkuu mwenyewe, kumfurahisha mgeni." Alipangusa uso. "Nisomee tena mnachosema niliandika."

Akida alisoma kutoka kwenye faili. "Chama chetu kimepotea njia."

"Sentensi hiyo haimo. Nilizitafsiri mimi moja baada ya nyingine, nazijua." Akakumbuka kitu. "'Kimepotea njia' ipo, lakini ni ya chombo. Inatokea mwendeshaji akishindwa. Mgeni alishindwa?"

"Wote wamesema aliendesha vizuri. Watu kumi na zaidi."

"Basi kuna mtu kauchezea mkanda wangu," Euphrasia alisema. "Sijui tena nikwambie nini."

"Mwenye ufunguo mwingine ni Masele."

Euphrasia aliketi tena juu ya gunia, akageukia ukuta.

*

Masele aliletwa chumba cha nyuma cha kituo. Akida alimkalisha dirishani, mahali ambapo mwanga unamwangukia mtu usoni, yeye akabaki amesimama.

"Ulicheka."

"Afande?"

"Siku ya sherehe. Mgeni rasmi amemaliza safari, chumba kimetulia, wewe ukacheka. Ndipo maneno yakatokea. Ulijua yanakuja."

"Sikujua."

"Ulicheka nini?"

Masele alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama viatu vya Akida.

"Nilikohoa."

"Masele, gari la Shinyanga liko njiani. Lina nafasi ya mtu mmoja, lakini askari wakisogeana, wawili mtaenea. Una ufunguo, unaijua mashine, chumba ulikitaka wewe. Ukicheka kabla ya kosa kutokea, hakimu hataliita hilo kukohoa. Nakuuliza mara ya mwisho. Ulicheka nini?"

"Nikisema nitapoteza kazi."

"Usiposema utapoteza zaidi ya kazi."

Masele alijiinamia. Alipozungumza, ilikuwa kama mtu anayetoa mwiba kwenye nyama.

"Nilimcheka Ndugu Katibu. Hakufika, afande. Alikizungusha chombo, kikaenda pembeni, yeye akawa anabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, kikatoka nje ya kioo kabisa. Kioo kikaandika chombo chetu kimepotea njia. Na yeye akageuka akatupungia mkono kama aliyefika. Watu wakapiga makofi. Mimi nikashindwa kujizuia."

Akida alivuta kiti akakaa.

"Makofi?"

"Mwalimu mkuu ndiye aliyeanza."

"Na wewe, kwenye maelezo yako, uliandika nini?"

"Niliandika aliendesha vizuri sana." Masele aliinua macho. "Wote tuliandika hivyo. Nani angeandika vingine?"

Akida alijisikia hasira ikimpanda, na hakujua ampige nayo nani. Watu kumi na zaidi walikuwa wamehojiwa, na kila mmoja, kwa heshima na woga, alikuwa amemfichia jambo lile lile. Hata yule mama kule mahabusu alikuwa amelikaribia, akageuzwa nyuma na uongo wao.

"Twende shuleni," alisema. "Na safari hii usithubutu kufika."

*

Kaseti iligoma mara mbili kabla ya kukubali. Jenereta ilizimika mara moja. Kufikia hapo Akida alikuwa amekoma kulaani. Nyota zilipojaa kiooni alimsogeza Masele, akaketi mwenyewe.

Haikuhitaji ustadi wowote kupotea. Alibonyeza upande mmoja tu na kuuacha mkono hapo. Chombo kikaenda kombo, kikapita pembeni ya nyota yenye mkia, kikatoweka ukingoni. Chini ya kioo yakatokea maneno:

CHOMBO CHETU KIMEPOTEA NJIA

Akida alingoja. Mahali pale pale, juu ya maneno hayo hayo, herufi mpya zikaanza kujipanga moja moja. C ikaikalia C. H ikaikalia H. A ikaimeza O. Alizifuata kwa kidole mpaka zilipokoma.

CHAMA CHETUU KIMEPOTEA NJIA

"Mungu wangu," Masele alisema kwa sauti ya chini.

Mstari wa pili ukafuata chini yake, CHASHIKA HATAMU, ule ambao siku ya sherehe haukuwahi kutokea kwa sababu mwalimu mkuu aliwahi kuuchomoa waya.

Akida aliendelea kuziangalia zile U mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Chama. Ya pili ilikuwa ya chombo, imebaki peke yake, kwa kuwa neno "chombo" lina herufi moja zaidi ya neno "chama" na hakuna kilichokuja kuifunika. Na nyuma yake, kimepotea njia yote ilibaki ilivyokuwa. Mashine haikufuta maneno ya kwanza. Iliandika ya pili juu yake, na palipobaki pakabaki. Mtu akifika, TUMEFIKA ni neno fupi, linafunikwa lote, na hakuna anayejua kwamba kuna kasoro. Masele alikuwa amefika kila mara.

Mwalimu mkuu alimwambia habari za U mbili huku anakunywa chai, na yeye Akida alizipuuza. Angemsomea Euphrasia sentensi ile kama ilivyoonekana, badala ya kumsahihishia tahajia, mama yule angeimaliza kesi akiwa amekaa pale pale juu ya gunia.

Alitoka nje akawasha Landrova.

*

Ndugu Mihayo alimpokea katika ofisi ya Chama, chini ya bendera. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyeendesha malori ya pamba ya Isaka kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye siasa. Alisikiliza maelezo yote ya herufi bila kumkatiza Akida.

"Ndugu Inspekta," alisema mwishoni, "mimi nimeendesha lori la tani saba masika, barabara ya Tinde ikiwa tope tupu. Sijaliangusha hata siku moja. Hicho kichombo chenu nilikifikisha."

"Kama ulikifikisha, maneno yale hayawezi kutokea. Nimejaribu."

"Basi kuna mtu aliyaweka."

"Hilo ndilo ninalotakiwa kupeleka Shinyanga. Kwamba kuna mtu aliyaweka, na mtu huyo ni mwalimu mwenye watoto wawili." Akida hakupandisha sauti. "Au kwamba chombo kilipotea na mashine ikachanganya maneno. Mwendesha mashtaka atataka kujua kilikuwa mikononi mwa nani. Bila maelezo yako siwezi kumfungulia."

Mihayo alisukuma miwani juu ya paji la uso. Nje mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo. Alingoja mlio upotee.

"Walioona ni wangapi?"

"Wote."

"Kwamba kilipotea."

"Wote waliona, Ndugu Katibu. Na wote waliandika kwamba uliendesha vizuri sana."

"Hata Mageni?"

"Mageni ndiye aliyeanza kupiga makofi."

Rangi ya uso wa Ndugu Mihayo ilikuwa imebadilika, na Akida hakuona kama ni aibu au ni kitu kingine kilicho chini zaidi ya aibu.

"Nilidhani nimefika," alisema hatimaye. "Miwani yangu ya kusomea niliiacha nyumbani, nisionekane mzee. Nikasikia makofi, nikasema basi nimefika. Walipoanza kuguna nikamuuliza Mageni kimeandikwa nini. Yeye ndiye aliyenisomea." Alivuta karatasi. "Niambie niandike nini. Au acha. Nitaandika mwenyewe."

*

Gari la Shinyanga lilifika likarudi na karatasi ile na moja ya Akida, bila mtu. Euphrasia alipofunguliwa mlango alisikiliza habari ya U mbili akiwa amesimama, akahesabu herufi kwa vidole, akafika mwisho kabla Akida hajamaliza kueleza.

"Padri aliweka nafasi tupu nyuma ya kila sentensi, zote zikawa urefu mmoja," alisema. "Nilipotafsiri niliona ni upuuzi, zinamaliza nafasi kwenye mashine. Nikaziondoa." Kisha akamtazama. "Nilikuomba unisomee yaliyoonekana. Nilikuomba zaidi ya mara moja."

"Uliniomba."

Alimpita bila kumpa mkono. Hakutaka kupelekwa nyumbani, alitaka kupelekwa shuleni. Alipofika alimsogeza Masele, ambaye alijaribu kusema pole na kuishia katikati, akaketi mbele ya kompyuta na kuandika. Kila mahali maneno yalipotakiwa kutokea, aliiamuru mashine kwanza ipitishe nafasi tupu mstari mzima. Alipotosha chombo kwa makusudi, akatazama, akapotosha tena. CHAMA CHETU, na nyuma yake weusi mtupu.

Walikuwa bado hapo gari la Ndugu Mihayo liliposimama uwanjani. Aliingia peke yake, miwani usoni. Mwalimu mkuu Mageni alimwona kutoka ofisini akaja mbio akifunga kifungo cha koti.

"Nataka kujaribu tena," katibu alisema.

Euphrasia alisimama akampisha kiti. Nyota zikajaa. Mihayo aliweka vidole vyake vinene juu ya vitufe kama mtu anayeshika yai. Chombo kikaanza vizuri, kikakwepa jiwe la kwanza, kikaligusa la pili, kikaanza kuelekea pembeni.

"Vizuri sana, Ndugu Katibu," alisema Mageni nyuma yake. "Vizuri kabisa."

Mihayo aliinua mikono. Chombo kikaendelea chenyewe, kikatoka nje ya kioo.

"Mageni," alisema bila kugeuka, "tafadhali toka nje."

Alingoja mpaka mlango ufungwe. Kisha akamtazama Euphrasia.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Euphrasia alivuta kiti kingine, akakaa kando yake.

"Jiwe la pili," alisema. "Ulilikwepa umechelewa."